Daftari la Wanachama: Somo kwa Wachezaji wa Bao

Ninyi mlio darasani fungueni madaftari. Na wewe unayesoma maneno haya katika karatasi, soma polepole. Neno likikushinda, mwulize mwenzako kabla ya kuendelea.

Leo tutazungumza habari za kuendesha chama cha wachezaji, chama cha nchi nzima, si cha kijiji kimoja. Ili tusipotee, tuanzie mahali tunapopajua.

Twende Ikolo, katika Wilaya ya Kyela, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Jua linapungua. Kazi ya mpunga na kakao imekwisha kwa leo, na chini ya mwembe watu wamelizunguka bao. Bao lile lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji kete zake 32. Anaanza na kete 10 katika mashimo na 22 mkononi, naye anazinamua moja moja. Watazamaji wanacheka, wanashauri, wanabishana. Marehemu Mwalimu Nyerere naye alipenda sana mchezo huu, kwa hiyo mtu asikuambie kuwa ni mchezo wa wavivu.

Sasa tazama. Watu hawa hawana katibu, hawana mhuri, hawana katiba, na mchezo wao ni mzuri kabisa. Basi chama cha nini?

Ngoja aje mgeni. Katika bao kuna shimo moja liitwalo nyumba. Mahali pengine watu huanza mchezo na kete 6 katika nyumba, mahali pengine 8. Mgeni anasema kwao ni hivi, mwenyeji anasema hapa ni hivi, na kila mmoja amefundishwa na babu yake. Nani ataamua? Kijijini ataamua mzee mwenye bao. Lakini kama mashindano ni ya nchi nzima, na fundi wa Ikolo ameketi mbele ya fundi wa Tanga, hapana budi sheria iwe moja, iwe imeandikwa, na iwe imekubaliwa kabla kete hazijaguswa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya chama cha taifa. Kazi nyingine ni kupata waamuzi, kuandaa mashindano, na kusema na Serikali kwa niaba ya wachezaji. Katika Tanzania Bara, Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, na vyama vya michezo huandikishwa kwa Msajili wake. Chama lazima kiwe na katiba. Mtu mmoja mwenye mhuri mfukoni si chama.

Labda utasema, hayo ni mambo ya wakubwa walio Dar es Salaam, nasi tuko mbali nao zaidi ya kilometa 900. Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana mimi nilifikiri vivyo hivyo, na nilikosea.

Zamani kidogo nilikuwa katibu wa klabu ya bao, katika mji mwingine, si Kyela. Tulikuwa wanachama 31. Kila mmoja alitoa ada yake, nami nikazihesabu mbele ya watu wote, hazikupungua hata senti. Kisha nikazituma kwa chama cha juu kwa njia ya simu. Ujumbe ukarudi kwamba fedha zimepokelewa. Nikafurahi, nikaenda kucheza.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mjumbe wetu alisafiri usiku kucha. Alipofika mkutanoni aliambiwa kuwa klabu yetu ina wanachama 9 tu, na kwa katiba ile watu 9 hawakutosha kupata kura. Alibisha sana. Wakafungua hesabu mbele yake: fedha zetu zote zilikuwamo, zimeandikwa “mapato mengineyo,” chini ya jina langu. Hakuna aliyeiba. Ila ujumbe wa simu unataja jina la aliyetuma tu, na mimi sikutuma orodha ya majina. Majina 9 waliyokuwa nayo yalikuwa ya miaka iliyopita, na wawili kati ya hao walikuwa wamekwisha fariki. Basi watu 31 walilipa, na hakuna hata mmoja aliyepiga kura. Mjumbe wetu aliporudi hakunisemesha kwa muda mrefu, nami simlaumu.

Kwa hiyo watu wanaposema moyo wa chama ni fedha, mimi sikubaliani nao. Fedha zetu zilifika salama. Kilichokosekana ni karatasi moja yenye majina. Daftari la wanachama ndilo linaloonyesha nani alipe, nani apige kura, wilaya ipeleke wajumbe wangapi, na mkutano una akidi au hauna. Akidi ni idadi ya watu wanaotakiwa wawepo ili mkutano uwe halali. Bila daftari, utajuaje kama nusu ya wanachama wamefika? Nusu ya nini?

Neno stakabadhi ninyi wakulima wa kakao mnalijua vizuri. Ukipeleka kakao ghalani ukarudi mikono mitupu, bila karatasi yenye jina lako na uzito wa mzigo, siku ya malipo utadai nini? Ada ya chama ni hivyo hivyo.

Sasa tutoke kidogo nje ya nchi, tuone wenzetu walivyohangaika na jambo hili hili. Kuna mchezo wa karata uitwao briji. Huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, karata 52, kila mtu 13. Katika mashindano yao karata zile zile hupitishwa meza hata meza, ili isemwe kuwa fulani ameshinda kwa akili, si kwa bahati ya karata nzuri. Mchezo wa namna hiyo hauwezi kwenda bila watu wa kuupanga, na ndiyo sababu wachezaji wa briji wana vyama imara. Shirikisho lao la dunia liliundwa mwaka 1958, na wanachama wake ni vyama vya nchi.

Chama cha briji cha Uingereza kiliundwa mwaka 1936. Kwa miaka mingi mtu alijiunga kwa kulipa ada ya mwaka. Lakini wachezaji wengi walikuja katika klabu, wakacheza, wakaenda zao, bila kujiunga na chama cha taifa. Majina yao hayakujulikana. Basi mwaka 2010 chama kikabadili utaratibu: kila anayecheza katika klabu iliyo ndani ya chama ahesabiwe kuwa mwanachama, na badala ya ada ya mwaka alipe fedha kidogo kila anapoketi kucheza. Klabu inapeleka matokeo ya siku ile, majina yakiwamo, pamoja na fedha. Ndiyo kusema jina na fedha husafiri pamoja. Si wote waliopenda. Klabu nyingine zilikataa, zikajitoa.

Hebu tufanye hesabu, ninyi mlio na kalamu. Tuseme ada ya mwaka ni shilingi 2,000. Mchezaji wa Ikolo atazipata kwa urahisi akiuza mpunga au kakao, lakini katika miezi ya njaa itakuwa taabu. Sasa tuseme badala yake analipa shilingi 100 kila Jumamosi ya mashindano. Akija mara 20, amelipa ngapi? Mia moja mara ishirini ni shilingi 2,000, sawasawa na ada ya mwaka. Aliyekuja mara 5 amelipa 500 tu, na jina lake limeandikwa vile vile. Mimi naona njia hii ingefaa sana kwa watu ambao fedha zao huja kwa msimu. Lakini ina taabu yake: katibu lazima aandike kila Jumamosi, hata mvua ikinyesha, hata kama yeye mwenyewe amefungwa mabao matatu na moyo wake una hasira.

Kuna swali jingine kubwa kuliko la fedha: nani anaruhusiwa kuandikwa? Huko Marekani wachezaji weusi wa briji walikuwa wakizuiwa kuingia katika mashindano ya wazungu, na mwaka 1932 wakaunda chama chao wenyewe. Kile chama kikubwa cha nchi hakikuondoa kabisa ubaguzi huo katika sheria zake mpaka mwaka 1967. Fundi wa karata aliweza kuishi na kufa bila kuketi mbele ya wapinzani aliowastahili, kwa sababu tu daftari lilifungwa mbele yake.

Utasema, sisi hatuna sheria kama hiyo. Kweli, hatuna. Lakini rudi kwa macho yako pale chini ya mwembe. Akina mama wako wapi? Saa ile ya bao ni saa ya kuteka maji na kupika. Hakuna aliyewakataza, ila saa imewakataza. Kama klabu inataka binti mwenye akili ya bao aandikwe, basi iweke siku na saa anayoweza kuja, na mahali ambapo baba na mama yake hawataona vibaya akiketi. Jambo hili lisemwe mkutanoni waziwazi. Nyamaza, na daftari litakuwa la wanaume peke yao bila mtu kuamua hivyo.

Na mkutano wenyewe uitishwe lini? Tazameni kalenda kwa macho ya Kyela. Mwezi wa Machi na Aprili mvua ni nyingi mno, mito inafurika, na njia nyingine hazipitiki. Mkutano mkuu ukiitishwa Aprili, mjumbe wa Ikolo huenda asitoke kwake. Si kazi ya walio mjini kukumbuka mvua zenu. Ni kazi yenu kuandika barua mapema, kueleza, na kuomba tarehe ya kiangazi. Wekeni nakala ya barua hiyo katika jalada.

Haya, kazi ya leo. Fungua ukurasa mpya, ulaze daftari lako, upige mistari kutoka juu mpaka chini upate vyumba sita. Chumba cha kwanza andika jina, cha pili kijiji, cha tatu tarehe ya kuingia, cha nne fedha aliyolipa, cha tano namba ya stakabadhi, cha sita sahihi. Kisha mpitishiane daftari, na kila mmoja ajaze mstari wake kwa mkono wake. Aliyetia dole gumba mwaka jana, leo aandike jina, hata kama herufi zinapanda na kushuka. Mwisho mmoja wenu anakili ukurasa mzima katika karatasi nyingine, maana nakala moja hubaki Ikolo na moja husafiri.

Katika kipindi kijacho tutasoma habari za mweka hazina, na kwa nini asiwe ndugu wa mwenyekiti. Mje na stakabadhi yoyote mliyo nayo nyumbani, hata ya dukani.