Tibet: Njia ya amani yawachosha waliongoja

Tangu miaka ya 1980, Watibeti walio uhamishoni wamefuata sera inayoitwa Njia ya Kati: Tibet ijitawale kwa mambo yake ya ndani, bila silaha na bila kujitenga na China. Dalai Lama, kiongozi wa kiroho wa Watibeti, aliieleza huko Strasbourg Juni 1988, akikubali Beijing ibaki na mambo ya nje. Mwaka uliofuata alitunukiwa Nobel ya Amani. Sifa zilimiminika kutoka kila pembe, lakini Beijing haikulegeza chochote.

Njia hiyo ya amani haikutokana na kutojua vita. Mwaka 1958 wapiganaji, wengi wao kutoka eneo la Kham, mashariki mwa Tibet, waliunda jeshi la Chushi Gangdruk kupigana na China. Baada ya maasi ya Machi 1959 dhidi ya China huko Lhasa, mji mkuu wa Tibet, na Dalai Lama kukimbilia India, wenzao walipiga kambi Mustang, nchini Nepal, wakisaidiwa kwa siri na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Marekani ilipoanza kupatana na China, msaada ulikatika. Mwaka 1974 Dalai Lama aliwapelekea ujumbe uliorekodiwa kwenye kanda, akiwataka wasalimishe silaha. Walitii, ila baadhi yao walijiua kwa uchungu.

Uchungu huo haukuzikwa nao. Tibetan Youth Congress, jumuiya ya vijana iliyoanzishwa mwaka 1970, haijaacha kudai uhuru kamili, na ina hoja nzito: aliyekwisha kushusha dai lake kabla ya mazungumzo hana tena cha kupunguza mezani. Aprili 1998, polisi wa India walipovunja mgomo wa kula ulioandaliwa na jumuiya hiyo mjini Delhi, Thupten Ngodup, askari mstaafu, alijichoma moto akafa.

Mazungumzo kati ya wajumbe wa Dalai Lama na Beijing yalifanyika kuanzia mwaka 2002, duru baada ya duru. Machi 2008 Tibet ililipuka. Mjini Lhasa maduka yalichomwa na watu wakauawa. Dalai Lama alisema angejiuzulu iwapo ghasia zingeendelea. Novemba mwaka huo wajumbe wake waliipa Beijing waraka wa kina kuhusu utawala wa ndani, nayo ikaukataa. Katika mkutano mkuu wa Watibeti walio uhamishoni huko Dharamsala, India, mwezi huohuo, wengi bado waliiunga mkono Njia ya Kati, ingawa vijana walisema waziwazi kwamba subira yao imefika ukingoni.

Februari 2009 mtawa Tapey wa monasteri ya Kirti alijiwasha moto mjini Ngaba. Tangu hapo zaidi ya Watibeti 150 wamefanya hivyo ndani ya maeneo yanayotawaliwa na China: watawa, wafugaji, akina mama, hata wanafunzi. Ni hasira iliyonyimwa mlango wa kutokea, na hata hivyo haikumgusa mtu mwingine. Anayewaambia watu hawa waendelee kusubiri anawajibika kuwaambia wasubiri nini.

Duru ya mwisho ya mazungumzo rasmi ilifanyika Januari 2010. Dalai Lama alitimiza miaka 90 Julai 2025, na Beijing inashikilia kwamba mrithi wake lazima apate kibali chake.