Sura ya Tano: Mlokole Unayemjua

Siku za soko pale Kiritiri huwa nanunua ndengu kwa mama mmoja. Akishajaza gorogoro, hapitishi kiganja juu kusawazisha kama wenzake. Huacha kilima kidogo kikisimama, kisha ukishafungua mfuko anaongeza konzi moja. Mama huyu ameokoka. Haapi, hakopi asichoweza kulipa, na shambani kwake hakuna muguka, ingawa kwa majirani zake wengi wa Mbeere Kusini muguka ndio karo ya shule. Anaamini kila neno la Biblia kama lilivyoandikwa, na anaamini kwamba mwisho u karibu. Kwa kipimo cha vitabu, huyu ni mtu wa msimamo mkali. Kwa kipimo cha soko, ndiye muuzaji ambaye mtu humtuma mtoto kwake bila wasiwasi wa kupunjwa.

Vipimo hivi viwili vilitokeaje kuachana hivi?

Jina lililotangulia la watu wa namna hii, "fundamentalist" kwa Kiingereza, lilizaliwa Marekani, nalo lilikuwa jina la kujivunia. Kati ya 1910 na 1915, vijitabu 12 vilivyogharimiwa na tajiri wa mafuta, Lyman Stewart, vilitetea misingi ya imani: Biblia isiyokosea, kuzaliwa na bikira, ufufuo. Mwaka 1920 mhariri Mbaptisti, Curtis Lee Laws, aliwapa watetezi wa misingi hiyo jina lao, naye akajihesabu mmoja wao. Mwaka 1925, mwalimu John Scopes aliposhtakiwa huko Dayton, Tennessee, kwa kufundisha kwamba binadamu alitokana na viumbe wengine, waandishi wa magazeti waliligeuza jina hilo kuwa la dhihaka. Halijapona hadi leo.

Kwetu moto uliwaka kutoka upande mwingine. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, uliingia Kenya mwaka 1937, ukaacha watu waliotubu mbele ya kadamnasi na kurudisha walichoiba. Miaka ya vita vya Mau Mau, walokole wengi wa Kenya ya kati walikataa kula kiapo, na baadhi yao wakauawa kwa ajili hiyo. Hilo nitalirudia, kwa sababu lina uzito: gharama ya imani ile waliilipa wenyewe.

Kisha ikaja Aprili 2023. Msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ulianza kutoa miili ya waumini waliofunga hadi kufa, na hatimaye ikafukuliwa zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto. Rais William Ruto aliunda jopokazi la kuchunguza sheria za mashirika ya dini, na mwenyekiti wake alikuwa Kasisi Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Baraza la Kitaifa la Makanisa na pia mbunge wa hapa hapa Mbeere Kusini. Kutoka hapo, mtu akisema amefunga, anayemsikiliza anauliza: siku ngapi? Mkesha uliokuwa kelele tu za Ijumaa usiku ukawa jambo la kuchungulia.

Mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba dhana mbaya juu ya kundi fulani hupungua watu wakikutana, lakini si kwa kukutana kokote. Lazima wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane, na taratibu za mahali ziwaunge mkono. Ukitaka kuona masharti hayo yakitimia, nenda kwenye foleni ya maji wakati wa kiangazi, au kwenye chama cha akina mama. Mlokole na mlevi wanangoja bomba moja na wanachangia matanga yale yale. Anayemjua mlokole kwa njia hii hawezi kuambiwa na televisheni kwamba ni mtu wa kuogopwa.

Lakini ujirani nao una upofu wake, na hapa sitaki kumfurahisha mtu yeyote. Katika nyanda hizi za Mbeere na Tharaka wapo Wakavonokia, watu watulivu na wachapakazi, wasiotumia dawa za hospitali wala kukubali watoto wachanjwe. Wazazi kadhaa wa imani hiyo wamewahi kufikishwa mahakamani. Jirani atakuambia kwa moyo safi kwamba ni watu wema, na atakuwa anasema kweli. Mtoto wa miezi 9 anayehitaji chanjo ya surua hachoti maji wala haendi sokoni, kwa hiyo wema huo wa foleni haumgusi. Katiba ya 2010 inalinda dhamiri ya mama katika kifungu cha 32, na matibabu ya mtoto katika kifungu cha 53. Mtu mzima akikataa dawa yake mwenyewe, nitamsihi, kisha nitamwachia. Akimkatalia mtoto, simwachii, hata kama gorogoro lake hufurika.

Mwaka ule wa Shakahola nilimwuliza mama wa ndengu moja kwa moja kama kanisani kwao wanakubali sindano. Nilidhani atakasirika. Alimfungua mjukuu aliyekuwa mgongoni, akamkalisha juu ya gunia, akamkunjia shati mkono wa kushoto. Kovu dogo la chanjo lilikuwepo, la mviringo, bado linang'aa.

"Nilimpeleka mimi," akasema, "mama yake alikuwa shambani."