Nyumba za Waislamu wa Albania Katika Zama za Ukomunisti

Albania ni nchi ndogo ya milima iliyo kusini mwa Ulaya. Imepakana na Ugiriki, na mbele yake ni bahari, na ng'ambo ya bahari hiyo ni Italia. Uislamu ulienea huko katika zama za dola ya Kituruki, na Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, katika kila watu kumi wa nchi hiyo yapata saba walikuwa Waislamu. Waliosalia walikuwa Wakristo wa Kiorthodoksi na wa Kikatoliki. Twayataja haya kwanza ili msomaji ajue ya kuwa mambo tutakayoyaeleza hayakuwapata wageni wachache waliokaa ugenini. Yaliwapata wenyeji katika nchi yao wenyewe, na waliowatenda walikuwa watu wa lugha yao, na wengi wao ni wana wa nyumba za Kiislamu.

Mkubwa wao alikuwa Enver Hoxha, aliyezaliwa katika mji wa Gjirokastër mwaka 1908. Jina lake la kwanza ndilo hili letu la Anwar, na hilo la pili, maana yake ni mwalimu wa dini. Alishika hukumu tangu mwaka 1944 hata alipokufa mwezi wa Aprili 1985, na chama chake kikaendelea kutawala hata mwanzo wa miaka ya 1990.

Hatupendi kumdhulumu mtu kwa kalamu. Utawala ule uliwafundisha kusoma watu wengi ambao kabla yake hawakujua hata herufi moja, ulikausha vinamasi vilivyokuwa vikizaa malaria, ulifungua Chuo Kikuu cha Tirana mwaka 1957, na kufikia mwaka 1970 ulikuwa umepeleka umeme vijijini kote. Mambo hayo ni ya kweli, na wako wazee wa huko wayakumbukao kwa shukrani. Lakini dola hiyo ilitaka malipo ya wema wake, na malipo yenyewe yalikuwa ni kuingia nyumbani mwa mtu na kukaa humo.

Tarehe 6 Februari 1967 Hoxha alitoa hotuba ya kuwachochea vijana wapigane na desturi za kale na dini. Wanafunzi wa mji wa Durrës wakatangulia, na wengine nchi nzima wakafuata. Walibandika ukutani makaratasi makubwa ya kumshutumu mtu kwa jina lake mbele ya jirani zake, na aliyeshutumiwa ilimlazimu ajibu hadharani. Katika muda mchache nyumba za ibada 2,169 zilifungwa, na katika hizo misikiti ilikuwa 740. Minara mingi ilibomolewa. Msikiti huu ukafanywa ghala, ule ukafanywa ukumbi wa michezo, na michache iliachwa kwa kuwa ni majengo ya kale yenye sifa. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo sheria zilizozitambua jumuiya za dini zikafutwa. Katiba ya mwaka 1976 ikasema wazi kwamba dola haitambui dini yoyote, na sheria ya jinai ya mwaka 1977 ikaweka kifungo cha miaka 3 hata 10 kwa mwenye kueneza dini au kuweka vitabu vyake.

Lakini msikiti ni mlango wa nje tu. Mtu aliyefungiwa msikiti aweza kusali chumbani mwake, na mwenye kunyang'anywa Mas-hafu aweza kusoma alichokihifadhi. Watawala walilijua hilo, na kwa ajili hiyo waliuendea mlango wa ndani, na ufunguo walioutumia ulikuwa ni mtoto.

Mwezi wa Ramadhani, shuleni na kazini, watu walipewa chakula mchana, na mwenye kukataa akajulikana. Wakristo nao walitendwa vivyo hivyo katika siku zao za kufunga: waliletewa nyama na maziwa. Walimu waliwauliza watoto wadogo nini kimepikwa kwao jana, na nani aliyekuja kuwatembelea, na je, bibi hunong'ona nini alfajiri? Mtoto hujibu kwa unyofu wake, na kwa jibu lake baba huitwa.

Hapa twawaomba wazazi wanaotusoma wasimame kidogo. Ukiwa baba wa nyumba kama ile, utafanya nini? Ukimfundisha mwanao shahada na Fatiha, umemtia mkononi neno liwezalo kukufunga wewe na kumharibia yeye masomo yake. Usipomfundisha, umemlinda, lakini umekuwa wewe mwenyewe ndiye uliyeikata kamba iliyotoka kwa baba yako na babu yako. Wengi walichagua kunyamaza, na sisi hatuthubutu kuwalaumu. Baadhi waliungoja mpaka mtoto apate akili ya kutunza siri, na kwa wengi wakati huo haukufika. Katika nyumba nyingi kazi hiyo ilibaki kwa bibi mzee, ambaye dola ilimdharau na haikumtazamia jambo. Yeye ndiye aliyesali mlango ukiwa umefungwa, na ndiye aliyekumbuka siku za Idi. Baklava, andazi la sukari na njugu ambalo watu wa huko hulipika kwa sikukuu, ikapikwa mwaka mpya wa kizungu, kwa kuwa hiyo ndiyo sikukuu iliyoruhusiwa.

Msomaji huenda akauliza: kwa nini watu hawakukaidi? Jawabu limo katika neno moja walilolitumia sana, yaani biografia. Kila mtu alikuwa na habari zake zilizoandikwa: baba yake alikuwa nani, mjomba wake alipigana upande gani, ana ndugu aliyetoroka nchi au hana. Mwenye biografia nzuri alipata kazi, na mwanawe alipewa ruhusa ya kwenda chuo kikuu. Mwenye biografia mbaya alipewa kazi za suluba, na watu wakachelea kumwoza binti yao. Kutoroka nchi kulihesabiwa kuwa ni khiana, na mtu mmoja akivuka mpaka, mkewe na watoto na wazazi waliweza kuhamishiwa vijiji vya uhamisho katika nchi tambarare ya Lushnjë, wakae humo miaka mitano, na mitano ikaongezwa mingine mitano. Kwa hiyo mtu hakuogopa kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Aliogopa kwamba ushujaa wake utalipiwa na wasiokuwamo katika shauri. Na wapelelezi, walioitwa Sigurimi, hawakuhitaji kuwa wengi sana; ilitosha kwamba hakuna aliyejua ni nani kati ya jirani zake aliye mmoja wao.

Hata majina hayakusalimika. Amri ya mwaka 1975 iliwataka watu waache majina yasiyopatana na siasa ya dola. Watoto wakapewa majina ya wafalme wa zamani za kale, kama Agron na Teuta, na wengine wakaitwa Marenglen, jina lililoungwa kwa vipande vya Marx, Engels na Lenin. Amri hiyo, ni ajabu, haikumgusa Enver Hoxha.

Maisha mengine ya kila siku yalifanana na hayo. Gari la binafsi lilikatazwa. Katika miaka ya 1980 wakulima wa mashamba ya ushirika walinyang'anywa hata mifugo michache waliyobakiziwa, na mijini watu waliamka usiku wa manane kushika foleni ya maziwa. Aliyechoka aliacha jiwe au kikapu mahali pake, na jiwe hilo likaheshimiwa. Serikali iligombana na Yugoslavia, kisha na Urusi, kisha na China mwaka 1978, na kila rafiki aliyeondoka aliacha nchi ikiwa maskini zaidi. Fedha iliyosalia ilijenga kuba za saruji za kuvizia adui, yapata 173,000, mashambani na makaburini na ufukweni. Adui mwenyewe hakuja. Vijana wenye televisheni walitengeneza eriali kwa makopo matupu ili waione Italia usiku, huku mmoja wao akilinda dirishani.

Waliokataa kabisa hawakukosekana. Wengi wao walipelekwa Spaç, gereza la milimani ambako wafungwa walichimba shaba. Huko waliasi mwezi wa Mei 1973, na wanne wakauawa kwa hukumu. Padri mzee wa Kikatoliki, Shtjefën Kurti, aliuawa mwanzo wa miaka ya 1970 baada ya kumbatiza mtoto. Na katika Waislamu twamtaja Hafidh Sabri Koçi, aliyekaa kifungoni miaka zaidi ya 20, akatoka akiwa mzee.

Yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu katika Msikiti wa Risasi mjini Shkodër, tarehe 16 Novemba 1990, watu waliposali hadharani baada ya miaka 23. Tarehe 18 Januari 1991 maelfu waliingia Msikiti wa Et'hem Bey katikati ya Tirana bila ya kumwomba mtu idhini, na askari wakatazama tu. Lakini wengi katika hao waliokuja misikitini hawakujua kusali. Watu wazima wenye wajukuu walimtazama aliye mbele wakafuata anavyoinama, na baadhi hawakujua kutawadha. Mtu wa miaka 30 wakati huo alikuwa na miaka 6 tu misikiti ilipofungwa.

Misikiti mingine imejengwa tangu siku hizo, na mkubwa wa Tirana, wa Namazgah, ulifunguliwa mwaka 2024. Majina ya zamani yamerudi kwa waliotaka. Nyumba moja ya Tirana, ambayo kwanza ilikuwa hospitali ya wazazi na baadaye ikawa mahali pa Sigurimi pa kusikilizia simu za watu, imekuwa makumbusho tangu 2017. Na sheria ya mwaka 2015 yampa kila raia haki ya kuomba faili lake na kusoma yaliyoandikwa juu yake, pamoja na jina la aliyeyapeleka. Wako walioomba na kusoma. Wengine hawataki kuomba, kwa kuwa yaliyoandikwa humo ni maneno yaliyosemwa mezani, usiku, mlango ukiwa umefungwa, na waliokuwapo mezani walikuwa ni jamaa peke yao.