Kupanda Old Moshi kwa Kufuata Maji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkazi wa Moshi akitoka uani kupiga mswaki, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huwa wazi juu ya mabati ya jirani, karibu kana kwamba imesogea usiku. Ikifika saa nne imeshapotea. Wenyeji husema mlima umejifunika, na mgeni aliyelala mpaka saa nne ataambulia kusimuliwa tu. Kwa hiyo anayetaka matembezi ninayoyaeleza hapa, ya nusu siku, yasiyodai hema wala mpagazi, awe amefika Kiboriloni, tunakoanzia, kabla jua halijapata nguvu.

Sababu ya mlima kujifunika tutaihitaji safari nzima, basi tuielewe mapema. Usiku hewa ya miteremkoni hupoa, ikawa nzito, ikashuka taratibu kuelekea tambarare, na anga la juu likabaki safi. Jua likichomoza na kuipasha moto miteremko, hewa hugeuza njia na kuanza kupanda, imebeba unyevu. Kila inapopanda mita 1,000 kabla ya kufanya mawingu, joto lake hupungua kwa takriban nyuzi 10, hivyo ikifika kwenye msitu mvuke hugeuka matone, nayo ndiyo mawingu. Mvua nyingi ya upande huu wa kusini humwagika humo msituni, kwenye mita 2,000 na kitu. Ukivuka mita 3,000 nchi inaanza kukauka, na kule kileleni, mita 5,895, ni kama jangwa lenye barafu.

Nimewauliza watu wengi, hata waliozaliwa Moshi, maji ya mito yetu yanatoka wapi. Karibu wote hunionyesha theluji. Barafu ya Kibo ni nzuri kuitazama, na kupungua kwake kunaniuma kama kunavyomuuma yeyote aliyekua akiiona, lakini mchango wake katika mito ni mdogo mno. Maji tunayokunywa yanatoka kwenye mawingu yaleyale yanayotunyima kuuona mlima, yakinaswa na msitu na kuachiliwa polepole. Anayepiga picha ya kilele na kuondoka ameikosa sehemu ya mlima inayomlisha.

Kutoka soko la Kiboriloni barabara inapanda kuelekea Tsuduni na Kidia. Mwenye magoti mabovu achukue bodaboda hadi Tsuduni, aanzie hapo kutembea. Huku ndiko Moshi yenyewe ilikokuwa. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 ilisimama kwenye tambarare, mji ukaota pale stesheni na kulichukua jina, na wa juu wakabaki wakiitwa watu wa Old Moshi. Hapa ndipo alipotawala Mangi, yaani chifu, Rindi, na baada yake mwanawe Meli, ambaye mwaka 1892 aliwashinda Wajerumani vitani kabla hawajarudi na nguvu kubwa zaidi mwaka uliofuata. Mwaka 1900 walimnyonga hapa Tsuduni pamoja na viongozi wengine. Mti unaotajwa kuwa ndio alionyongewa bado upo, na kando yake pana sanamu yake. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na wazao wake wamelitafuta fuvu hilo kwa miaka mingi. Simama hapo kidogo, uvue kofia. Kwa watu wa hapa ni msiba ambao haujafungwa.

Ukiiacha barabara ya magari na kushika njia ya miguu, unaingia vihambani. Neno shamba halitoshi hapa. Mchagga, mwenyeji wa miteremko hii, ana shamba lake la mahindi kule chini kwenye tambarare, lakini kihamba ni pale penye nyumba, zizi, migomba na makaburi ya babu zake. Ndiyo maana wiki ya Krismasi mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa hadi pumzi, na ndiyo maana mtu aliyefia mbali hurudishwa kuzikwa huku. Mgeni anayeuliza hekalu la Wachagga liko wapi, mimi humwonyesha kihamba.

Kitazame kwa ngazi. Juu kabisa kuna miti mirefu kama mringaringa na mfuruanje, inayokata makali ya jua na kutoa mbao na kuni. Chini yake migomba. Chini ya migomba, mibuni. Kisha ardhini kabisa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe na mbuzi hawaachwi kuzurura: wanafungiwa zizini, wanakatiwa majani, na samadi yao inarudi kwenye shina la mgomba. Ni msitu uliopangwa na binadamu, na ardhi yake imelimwa vizazi kwa vizazi bila kuchoka. Jirani zetu wa Shimbwe Juu, upande wa Uru, kilimo chao hiki kilitambuliwa mwaka 2011 na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kuwa urithi wa dunia nzima.

Mpaka wa kihamba hauna ukuta. Ni mstari wa masale, mmea wenye majani marefu kama panga, na mmea huu una heshima yake. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la masale, na kulikataa ni jambo zito sana. Usilichume kwa kuchezea. Njia nyingi hupita katikati ya nyua za watu, kwa hiyo piga hodi, mwamkie mzee shikamoo, na usimpige mtu picha kabla hajakukubalia. Bora zaidi, tembea na kijana wa kijijini umlipe haki yake. Atakujulisha mchare, ndizi ya kupikia supu ya mtori, ni upi na ndizi ya mbege, pombe ya hapa, ni ipi, na atakuonyesha msesewe, mti ambao gamba lake ndilo huipa mbege uchungu wake.

Sasa sikiliza. Katika mwendo wote huo utakuwa ukisikia maji bila kuuona mto. Hiyo ni mifongo, na kwangu mimi ndiyo sababu ya kuja huku.

Makorongo ya Kilimanjaro ni ya kina kirefu. Mto unapita chini kabisa, na migomba iko juu mgongoni, wala hakuna wa kuyapandisha maji hayo kwa ndoo yakatosha shamba. Wazee walilitatua hivi: walipanda na mto hadi mahali ulipo juu kuliko mashamba yao, wakayachepusha maji, wakayaongoza ubavuni mwa mlima kwa mfereji unaoshuka kidogo tu kuliko usawa. Hicho "kidogo tu" ndicho chenye ufundi wote. Mfongo ukiinama sana, maji yanakimbia na kula udongo. Ukilala sana, yanasimama na tope linaziba. Waliochimba hawakuwa na darubini ya mpimaji. Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa kipimo chao. Palipokuwa na bonde dogo waliyavusha juu ya magogo yaliyochongwa kama mitumbwi. Wazungu waliofika huku karne ya 19 walistaajabu, na walikuwa na haki.

Mfongo ni mali ya ukoo uliouchimba, una msimamizi wake, na maji hugawanywa kwa zamu. Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kila nyumba hutoa mtu wa kuzibua, na asiyetokea hutozwa faini, ambayo zamani ililipwa kwa mbege. Hakuna tone linalopita bila mwenyewe kujulikana.

Mara ya mwisho nilipopita juu ya Kidia, mama mmoja alikuwa akingoja zamu yake, jembe begani, kanga imekazwa kiunoni. Saa yake ilipofika hakusema neno. Aliinama, akang'oa bonge la udongo na ganda la mgomba lililoziba tundu lake, akavihamishia upande wa pili kuuzuia mkondo wa jirani, akavikanyaga mara tatu. Maji yalisita, yakazunguka, yakaingia kwake. Akayafuata kwa miguu mitupu shina hadi shina, akifungua hapa na kuziba pale kwa kisigino.

Kidia pana usharika wa Kilutheri ulioanzia enzi za wamisionari wa Leipzig. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefanya kazi hapa miaka mingi kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika mengi juu ya desturi na sheria za Wachagga. Kaa kwenye kivuli cha kanisa, unywe maji, utazame tambarare yote hadi milima ya Upare.

Kutoka hapo kilima kinakaza. Vaa viatu vyenye meno, maana udongo huu mwekundu ukilowa ni sabuni. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Masika kuna utelezi, na Juni na Julai mawingu hukaa siku nzima. Juu utaanza kuona vihamba vilivyopoteza mibuni yake, ikang'olewa bei ya kahawa ilipoporomoka, na vingine vimegawanywa kwa watoto wa kiume hadi kila mmoja akabaki na kipande cha kujengea tu. Utaona pia mifongo mikavu, imejaa majani. Bomba limefika, na ni jambo jema kwa kunywa, ila mgomba haunyweshwi kwa bomba. Hili linanisumbua kuliko habari ya barafu, kwa sababu mfongo ukikosa msaragambo miaka michache tu, kuufufua ni kuuchimba upya.

Ukifika ukingo wa msitu, rudi. Tangu mwaka 2005 msitu huu uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na kuingia kunahitaji kibali na malipo. Lakini kabla ya kugeuka, subiri kidogo. Itakuwa yapata saa nne. Kibo imeshapotea, ukungu unashuka hadi kwenye vilele vya miti, na majani yanaanza kudondosha matone ingawa hakuna mvua. Tia mkono ndani ya mfongo unapotokeza msituni. Maji ni baridi ya kuuma vidole, safi kiasi cha kuhesabu changarawe, na bado yana mwendo mrefu kabla hayajafika kwenye kisigino cha yule mama.