Mzee Aulizwe Kwanza

Katika 2 Samweli 19, mfalme Daudi alimwalika mzee Barzilai, mwenye miaka 80, aende kuishi naye Yerusalemu. Ni Barzilai aliyemlisha kule Mahanaimu alipomkimbia Absalomu. Lakini mzee alikataa kwa heshima: hakusikia tena utamu wa chakula, wala sauti za waimbaji. Alitaka kufia katika mji wake, karibu na kaburi la wazazi wake. Daudi hakumlazimisha; alimbusu, akambariki.

Sisi watoto tunaoishi Lubumbashi ao Kalemie, mara nyingi tunamleta mama toka kijijini na kuuzisha nyumba yake mwezi uleule. Halafu tunashangaa akilia.

Tukae naye kwanza, tuulizane: Huko kijijini nani atamchotea maji? Kituo cha afya kiko karibu? Na huku mjini, atafika kanisani kwa miguu? Atapata wa kuzungumza naye? Aje ajaribu miezi michache, nyumba yake ikingali yake. Akichagua kurudi, tumtumie msaada kila mwezi, na mjukuu mmoja akae naye.

Kumheshimu mzazi ni pamoja na kumsikiliza.