Kwa nini mfumo wa afya huganda ripoti zikirundikana?

Ripoti za mwezi za zahanati za Songea huingia kwenye DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo ambao Wizara ya Afya inautumia nchi nzima. Data zake hukaa kwenye PostgreSQL, ambako kila muunganisho hufunguliwa mchakato wake, wenye memori yake.

Watu wakijaza kwa pamoja, kuongeza miunganisho huonekana ndiyo dawa. Kumbe ndiyo kuua seva. Memori ya kupanga data, work_mem, huanzia MB 4. Ukiipandisha hadi 64, miunganisho 100 inaweza kudai zaidi ya GB 6 kwa mpigo. Memori ikiisha, seva hukimbilia diski, na diski ni kobe.

Kinachosaidia ni foleni: miunganisho michache, inayokaribiana na idadi ya kori za prosesa, itumike kwa zamu. Mhudumu atasubiri sekunde kadhaa, lakini ripoti itaingia.