Kuandika habari za safari ukiwa Bukoba au Muleba: pa kuanzia, malipo na tahadhari

Msafiri anayeingia Kagera kupitia Mutukula akitokea Uganda, au kwa meli kutoka Mwanza, hutafuta kwenye simu yake mambo madogo tu. Boti ya kisiwani inaondoka saa ngapi? Nauli ni kiasi gani? Nitalala wapi, nitakula wapi? Mwenye majibu hayo ni mkazi, lakini mara nyingi anayeandika ni mpita njia aliyekaa siku mbili.

Kijana mwenye simu janja anaweza kuifanya kazi hii bila kupanda ndege. Tunaeleza hapa aanzie wapi, fedha zinatoka wapi na ajihadhari na nini.

Kwa nini mkazi aandike?

Kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba, kilijulikana duniani kwa kalamu ya mgeni. Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley aligombana na wakazi wa kisiwa hicho, na miezi michache baadaye akarudi na kuwafyatulia risasi. Habari hiyo aliiandika mwenyewe kwenye magazeti ya Uingereza na Marekani, kisha kwenye kitabu chake cha mwaka 1878. Hata huko Uingereza wapo waliomlaumu. Lakini dunia ilisoma maneno yake. Watu wa Bumbire hawakuwa na gazeti la kusemea upande wao.

Waafrika nao waliandika safari zao. Martin Kayamba wa Tanganyika alikwenda London mwaka 1931, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha Kiswahili kuhusu aliyoyaona Uingereza. Leo huhitaji mchapishaji ili uanze.

Pa kuanzia bila gharama kubwa

Wikivoyage ni mwongozo wa wasafiri ulio mtandaoni, na mtu yeyote anaweza kuongeza au kusahihisha habari. Upo kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa. Haulipi, lakini unajifunza kuandika kwa ufupi na unapata kazi ya kumwonyesha mhariri.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala nyingi za kata za Tanzania zenye mistari michache tu. Hapo usiandike masimulizi yako. Andika mambo yanayothibitishwa na kitabu, gazeti au taarifa ya serikali.

Wikimedia Commons hupokea picha. Fahamu kwamba ukiiweka picha hapo, umeruhusu kila mtu aitumie, hata kwa biashara, bila kukulipa. Picha unayotaka kuiuza usiiweke.

Google Maps nayo hukuruhusu kuongeza maeneo na maoni. Utapata pointi, si mshahara.

Ili kuokoa bando, andika kwanza kwenye daftari au sehemu ya maandishi ya simu, kisha ingia mtandaoni mara moja tu kupakia.

Fedha zinatoka wapi?

Tuseme ukweli: mwanzoni ni kidogo, na wengi huanza wakiwa na kazi nyingine. Njia ya kwanza ni magazeti na majarida. Kabla ya kutuma makala, muulize mhariri mambo matatu: analipa kiasi gani, analipa lini, na haki ya makala inabaki kwa nani.

Njia ya pili ni nyumba za wageni na waongoza watalii wanaohitaji maelezo mazuri ya huduma zao. Ukilipwa na mwenye nyumba, hilo ni tangazo. Mwambie msomaji hivyo.

Njia ya tatu ni mashindano. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea pia miswada ya kumbukumbu za maisha, ambamo safari inaweza kuingia. Kwa wanaoandika Kiingereza, kampuni ya Bradt ya Uingereza imekuwa ikiendesha shindano la waandishi wapya wa safari. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma.

Andiko linalomsaidia msafiri

“Bukoba ni mji wenye mandhari ya kuvutia” haimsaidii mtu. Mweleze kwamba Katuruka, jirani na Maruku, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita. Mweleze senene huja na mvua, kahawa yetu hutafunwa ikiwa kavu, na kisiwa cha Musira kinaonekana ukiwa ufukweni mjini.

Habari za majini zinataka uangalifu zaidi. Tunaikumbuka MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Usiandike kwamba boti fulani ni salama kwa kuwa umeambiwa. Nenda mwaloni, uliza saa ya kuondoka, angalia kama kuna maboya ya kuvaa, kisha andika tarehe uliyoyaona. Nauli na ratiba hubadilika.

Tahadhari

Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Usipige picha kambi za jeshi, wala ofisi za mpakani bila kibali. Ukitaka kufungua tovuti yako ya habari, waulize kwanza TCRA kama unahitaji leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka mwaka 2018 na zimebadilishwa tangu hapo.

Matapeli nao wapo. Anayekuahidi dola kwa kila makala kisha anataka “ada ya usajili” kwa simu, mwache. Anayekuomba namba ya siri ya simu ili akulipe, mkatalie. Mhariri wa kweli anataka kusoma kazi yako kwanza.

Ukitaka kuanza wiki hii, chagua njia moja unayoijua, kwa mfano kutoka stendi ya Bukoba hadi Muleba mjini. Andika maneno 300, hakikisha nauli siku hiyo hiyo, kisha mpe mtu asiyewahi kupita huko asome. Akikuuliza swali, jibu lake ndilo lililokosekana kwenye makala.